Wewe Pia Umo

Mimi ndiye mwenye duka la shule, hapa Ibra.
Dirisha moja la chuma, friji mbili,
kalkuleta ambayo saba yake haibonyezeki.
Miaka kumi na mmoja nauza chipsi za pilipili,
maji ya rangi kwenye vijiboksi,
biskuti zenye krimu nyeupe kama chokaa,
na watoto wamenipenda
kama sisimizi wampendavyo aliyemwaga sukari.

Mwezi wa kumi, jua lilipoanza kuona haya,
Mwalimu Shinuna akaenda na koleo
nyuma ya darasa la tano,
kwenye madawati yaliyovunjika na fremu ya baiskeli.
Nilicheka kimoyomoyo.
Hapa? Changarawe tupu.
Hata magugu hapa huomba ruhusa.

Watoto wakaleta samadi ya mbuzi kwa magunia ya mchele.
Muhanna peke yake alileta matatu,
harufu ikaingia darasani, ikakaa mstari wa mbele
kama mwanafunzi mwenye bidii.
Wenye falaji wakaipa shule nusu saa,
kila Jumatatu, kabla ya kengele.
Nusu saa, hata dakika haizidi.
Mauza, kwa kuwa ana saa mkononi, akapewa uwaziri wa maji:
anazibua mfereji, anaziba kwa jiwe na tambara,
anapiga kelele, "Bado nne! Bado tatu!"
Na maji yenyewe yanakuja taratibu,
kama wageni wanaojua kahawa ipo.

Zikaota figili. Ikaota jirjiri, majani yenye ukali wa haradali.
Bamia moja, imejikunja kama sikio.
Tuta zima la vitunguu likafa,
na mwalimu akawaambia waandike daftarini: vimekufa.
Wakaandika.
Hilali akaongeza: Mungu avirehemu.

Mauzo yakashuka. Sitasema uongo, niliona choyo.
Jumapili pakiti arubaini, Alhamisi kumi na tisa.
Usiku nikamwambia mume wangu,
"Wananipora riziki kwa figili!"
Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kuna jambo sijalisema.
Ndani ya friji ya pili, nyuma ya soda,
kwenye kopo la biskuti, naweka insulini yangu.
Saa nne, foleni ikigonga dirisha,
najifungia, nainua nguo, najidunga tumbo,
nafuta mikono, nafungua,
namuuzia mtoto wa miaka minane
kile kile kilichonifikisha kwenye sindano.
Mama alikatwa vidole viwili vya mguu.
Daktari alitamka neno "lishe" mara sita.
Nilimhesabia.

Jana Muhanna akasimama dirishani.
Mkono wangu ukaenda kwenye chipsi wenyewe,
pakiti mbili, kama siku zote.
Akatikisa kichwa.
Pindo la dishdasha amelikunja kama kikapu,
ndani nyanya sita, nne zimepasuka, moja ina tundu la mdudu.
"Hizi zako," akasema, kwa Kiswahili cha bibi yake,
kile tunachokiacha nyumbani pamoja na ndara.
"Tumegawana. Wewe pia umo kwenye hesabu."
"Bei gani?" nikauliza.
Ulimi wa muuzaji haujui salamu nyingine.
Akanitazama kama niliyemtukana.

Nilianza na ile yenye tundu,
nimesimama, bila chumvi.
Ilikuwa na uchachu, na vumbi kidogo,
na joto la jua bado limo ndani.
Maji yake yakanitiririka mpaka kiwikoni
na sikuyafuta.

Leo sijafunga duka. Nina wawili chuoni, na kodi.
Chipsi zipo. Nimezipandisha rafu ya juu kabisa,
na hapa chini, usawa wa pua zao,
nimeweka sahani nyeupe niliyoitoa nyumbani.
Bado tupu.
Jumatatu ni zamu ya maji.
Nimemwambia Mauza nitawahi kabla ya kengele,
anioneshe jiwe linavyoshikwa.